Nimealikwa makambi ya uimbaji ya Wasabato Morogoro, nalala hema, na mimi ni Mlutheri. Nijipange vipi?

alto_wa_tabata

Bwana Yesu asifiwe wadau, na wasio wa huko habari zenu. Kuna dada nafanya naye kazi ni Msabato, kanialika makambi ya uimbaji Morogoro mwezi wa saba, Ijumaa mpaka Jumapili, anasema zinakuja kwaya za Dar, Moro na Dodoma, watu wanalala kwenye mahema uwanjani chini kabisa ya milima ya Uluguru na ni nyimbo asubuhi mpaka usiku. Mimi naimba sauti ya pili kwaya ya vijana usharikani kwetu kwa hiyo upande wa nyimbo moyo umeshakubali zamani. Shida ni hayo mengine. Hema sijawahi kulala hata la kuazima, kambi ninayoijua mimi ni ya mashindano ya kwaya tunalazwa madarasani, madawati yanasukumwa ukutani mnatandika magodoro basi. Halafu nasikia Wasabato Ijumaa jioni kila kitu kinasimama, sasa kinasimama kivipi, nisije nikamuaibisha mwenzangu kwa kuwasha jiko saa mbaya au nikapiga kigelegele kwaya ikiimba watu wote wakanigeukia. Waliowahi kwenda naombeni mniambie nibebe nini, nifike saa ngapi, nivae nini, na je asiye Msabato anaruhusiwa kuimba au anakaa anasikiliza tu? Na usalama wa mwanamke mwenyewe kwenye hema ukoje, hilo ndo mama yangu ananiuliza kila siku.

besi_moja

Karibu sana dada. Fika Ijumaa mapema, maswali yako karibu nusu yanaishia hapo. Sabato inaingia jua likizama na mwezi wa saba Moro jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo watu wa makambi wanahesabu kurudi nyuma kuanzia hapo, hema liwe limeshasimama, maji yamechotwa, chakula cha kesho kimeiva, nguo zimenyooshwa na wewe umeoga, ndo Sabato inafunguliwa kwa wimbo. Anayefika saa moja usiku anagonga vigingi gizani wenzake wako hemani kuu wanaimba, hakuna wa kumfukuza ila anasumbua na vidole vyake vinaumia.

Basi la Ijumaa mchana kutoka Mbezi usilitegemee, foleni mpaka Kibaha unaijua na Chalinze napo kuna siku zake. Panda SGR ya asubuhi, daraja la kawaida nauli ni 13,000, ndani ya masaa mawili uko Moro, stesheni iko Kihonda unachukua bajaji. Tiketi ya Ijumaa kata mapema maana wa Dodoma nao wanapanda humo humo.

Kusimama maana yake hakuna kununua na kuuza, hakuna kufua, hakuna kuanza kupika, hakuna stori za ofisini na Simba na Yanga. Kuimba ndo kwanza kunaanza. Na kwaya ikiimba vizuri watu wanasema Amina, wengine wanapunga mkono, makofi na vigelegele sehemu nyingi havipigwi, kucheza hutakuona na ngoma ndo usahau. Kingine nyie mmezoea kutoka na noti kwenda kuitunza kwaya pale mbele, Jumamosi mchana usifanye hivyo, hata flashi zenye nyimbo za kwaya wanaanza kuuza Sabato ikishafungwa jioni.

teno_kavu

Kigelegele kibane mpaka Jumamosi usiku 😂 na hata hapo angalia kwanza wazee wa kanisa wamekaa upande gani.

mamaAbi_moro

Mwanangu mwambie mama yako atulie. Makambi mengi wanawake wana upande wao, familia upande wao, vijana wa kiume upande wao, na usiku Watafuta Njia na Masta Gaidi (vijana wa kanisa wenye sare kama maskauti na viongozi wao, Master Guide kwa Kiingereza) wanazunguka zamu na filimbi zao. Ila ukweli usemwe, simu zinapotea hata makambini, watu wanaingia kutoka mtaani wanajifanya washiriki, kwa hiyo simu na hela tembea navyo kwenye kipochi cha shingoni, kwenye hema acha nguo na godoro tu. Na usilale peke yako kama unaweza kuepuka, mwambie huyo mwenzako mlale wawili au watatu, mnachangia hema, mnapata joto na mnalindiana vitu mmoja akienda kuoga.

Sasa hema lenyewe. Yale mepesi ya bei rahisi yenye kitambaa kimoja juu yanatosha kiangazi lakini asubuhi utakuta matone ndani unadhani mvua imenyesha, ni pumzi zenu hizo, acheni zipu wazi kidogo upande wa chandarua. Chini kabla ya hema tandika turubai au hata viroba vilivyopasuliwa, likunje liwe dogo kuliko hema lisitokeze nje, likitokeza linakinga umande na kuuingiza chini yenu. Kisha mkeka kisha godoro la inchi mbili tatu. Watu wanafikiri baridi inatoka juu, hapana mwanangu, mwezi wa saba huku usiku inashuka mpaka nyuzi 15 na chini ya mlima inapungua zaidi, na ardhi ndo inayokunyonya. Blanketi moja la kutandika, moja la kujifunika, soksi, na sweta la kulalia ambalo si lile la kushindia.

Mahali pa kusimamisha, usikimbilie kwenye mti mkubwa kwa ajili ya kivuli, matawi yanaanguka na ndege watakupaka. Usikae bondeni maji yanapopita hata kama ni kiangazi, Uluguru mvua haina ratiba. Usikae karibu na jenereta wala karibu na spika (utanishukuru saa kumi na moja alfajiri fundi mitambo akianza wani tuu wani tuu). Vyoo viwe mbali kiasi ila njia ya kwendea uione, na ukitoka usiku tochi mkononi na ndala miguuni. Siafu wapo, tunazungushia majivu kuzunguka hema, muombe mtu yeyote mwenye jiko. Tumbili nao wapo, mkate na ndizi usiache ndani, wanafungua zipu kama binadamu wale.

Nguo beba sketi na gauni za kuvuka magoti, kitenge viwili au vitatu maana kitenge ndo shuka, pazia, taulo na mbeleko kwa wakati mmoja. Hereni na mikufu acha nyumbani, hawatakusema ila utajiona uko peke yako. Suruali ya kulalia hemani sawa, ukitoka funga kitenge.

alto_wa_tabata

Asante sana mama Abi, hilo la turubai kutokeza nje ningelifanya hilo hilo 🙈. Mwenzangu kasema tuko watatu kwenye hema lao la kanisa kwa hiyo la kulala peke yangu limeisha. Sasa chakula, kasema tunachangia na kuna wapishi, ila mimi bila chai ya rangi asubuhi kichwa kinauma mpaka mchana. Nibebe majani yangu na kichupa cha maji moto au ni kesi?

besi_moja

Chai ya majani na kahawa wengi wetu hatunywi na jikoni hawatapika. Utakuta uji, maziwa, mchaichai au tangawizi. Ukibeba yako ukanywa hemani kwako hakuna atakayekupeleka kwenye baraza, ila usiipeleke mezani. Kitimoto na pombe hivyo hata havijadiliwi. Ushauri wangu anza kupunguza chai hiyo wiki ya kabla, kichwa kikuume ukiwa nyumbani Tabata uko na panadol yako.

shemasi_wa_jikoni

Niongezee la jikoni maana huko ndo ninakohudumu. Ijumaa tunapika mchana wote, makande, maharage, wali, mboga za majani zinakaangwa mwisho, sufuria zile za kambi zinazobebwa na watu wawili. Jumamosi asubuhi hatuwashi moto mpya wa kupikia, tunapasha tu kilichokuwepo.

teno_kavu

Kupasha nako ni kuwasha moto shemasi. Kwetu tunakula cha baridi na hakuna aliyekufa.

shemasi_wa_jikoni

Kaka ukihudumia umati wenye watoto na wazee na wenye vidonda vya tumbo ndo uje uniambie makande ya baridi. Makaa yamefukiwa na majivu tangu Ijumaa, sufuria inakaa juu inabaki na uvuguvugu wake. Hilo kila kanisa lina utaratibu wake, dada wa watu kauliza chai msimwingize kwenye mjadala wa moto.

teno_kavu

Sawa nimenyamaza. Maharage yenu yalikuwa matamu lakini.

mpiga_solfa

Naona hakuna aliyejibu swali la kuimba na ndilo la maana kuliko yote. Unaimba dada, tena sana. Kuna vitu viwili tofauti pale na watu wageni wanaona kimoja tu. Cha kwanza ni jukwaa, kwaya inaitwa kwa jina, inasimama na sare zake, inaimba nyimbo mbili, inakaa, inaitwa nyingine. Hapo wewe ni msikilizaji na ni pazuri, kwaya zetu nyingi zinaimba sauti tupu bila ala na utasikia besi zinavyobeba, kama unazijua Kurasini au Kirumba ya Mwanza unaelewa uimbaji ninaousema. Sauti ya tatu na ya nne hazijifichi nyuma ya kinanda, mtu akikosea robo tu uwanja mzima unajua.

Cha pili ni mafunzo na hicho hakionekani kwenye bango. Kambi ya uimbaji inayojiheshimu ina vipindi vya Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, waimbaji wa kwaya zote wanachanganywa halafu wanagawanywa kwa sauti, sauti ya kwanza hema lile, ya pili chini ya ule mwembe, wanafundishwa wimbo mmoja wa pamoja kwa sol-fa, zile noti za kuandikwa kwa herufi. Wewe kama ulilelewa na mwalimu wa kwaya wa Kilutheri d r m f unazisoma hata usingizini, utapokelewa kwa mikono miwili kwa sababu sauti ya pili ni adimu kila mahali, kila msichana anataka kuimba ya kwanza. Ndo sababu nyingine ya kufika Ijumaa mapema, wimbo wa pamoja unafundishwa mchana, ukija jioni umeshapitwa.

Na mimi binafsi jukwaa siyo kinachonipeleka. Usiku baada ya ibada mitambo ikishazimwa watu wanarudi kwenye mahema, mmoja anaanzisha wimbo wa kitabuni polepole akiwa ananawa miguu, jirani anaweka ya pili, kule kwa wanaume besi zinaingia, hakuna mwalimu, hakuna sare, hakuna kuhesabiwa alama. Nimesikia maelewano ya sauti pale ambayo kwaya zinazorekodi studio hazijayapata. Mwisho kengele ya kulala inagongwa na watu wanaendelea kwa kunong'ona mpaka Masta Gaidi apite na filimbi. Kwa hiyo ukiona mwenzako anasema tulale mapema kesho tuna ratiba, mwambie atangulie.

Kitabu chetu ni Nyimbo za Kristo, zina nyimbo 220, azima kimoja. Tuni nyingi utazijua kwa sababu mmezipokea kwa wamisionari wa namna moja na sisi, maneno ndo yatakupiga chenga, unafungua mdomo kwa maneno ya kwenu unajikuta uko peke yako.

KijanaWaNyamira

Wasalimie huko Bongo. Sisi huku Nyamira na Kisii makambi ni Agosti shule zikifungwa na ni wiki nzima, Sabato mpaka Sabato, lakini siku hizi wengi wanatoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, wenye kulala hemani ni wachache, wengi vijana na kwaya. Hiyo yenu ya wikendi nimeipenda, mtu mwenye kazi anaweza. Mimi nitaongeza kitu kimoja tu, beba gambuti. Najua mtasema ni kiangazi, huku kwetu mvua ya jioni haikosi, na nimeona kwaya nzima ikipanda jukwaani na sare nyeupe na viatu vyenye tope mpaka kwenye vifundo, na ndo ilikuwa wimbo wa kuingia mbinguni 😅

Pia dadangu chunga sauti. Vumbi, baridi ya usiku na moshi wa jikoni, ukichanganya na kuimba siku nzima Jumapili utabaki na pumzi tu. Kunywa maji ya uvuguvugu, funga shingo usiku, na mkiimba kwa pamoja usishindane na spika, hutaishinda.

mamaAbi_moro

Gambuti Moro mwezi wa saba hapana baba, vumbi ndo litamuua. Raba zinatosha. Ila la shingo nakuunga mkono.

mzee_wa_pwani

Nimesoma yote nimefurahi. Vijana msidhani haya mambo ya kulala hemani na kuimba yalianza kwetu Wasabato. Kule Marekani watu wa madhehebu tofauti walishakuwa wanakusanyika porini, mkutano wa Cane Ridge pale Kentucky mwaka 1801 ulikuwa na Wapresbiteri, Wamethodisti na Wabaptisti pamoja, watu walikuja na magari ya farasi wakalala humo humo. Makambi ya kwanza ya jumla ya kwetu yakaja Septemba 1868 huko Wright, Michigan, kwenye msitu wa shamba la mkulima mmoja. Huku kwetu ujumbe wa Kisabato uliletwa na Wajerumani milima ya Upare mwaka 1903, ndo maana hadi leo kwaya za Upare hazikosekani. Kwa hiyo binti Mlutheri asijione mgeni, hema lilikuwa la wote tangu mwanzo.

Langu ni usafiri wa kurudi. Kwaya zikimaliza Jumapili mchana zimechoka, dereva naye alikesha akisikiliza nyimbo, na wanataka kuondoka jioni wafike Dar wawahi kazini Jumatatu. Kataeni. Ndugu zetu Ambassadors of Christ wa Kigali walipoteza wenzao kwenye ajali 2011 wakirudi Rwanda kutoka kuimba hapa Tanzania, na uimbaji wa ukanda huu wote ulilia. Kama coaster ya kwaya inataka kutoka jua likizama wewe panda treni, hata kama uliambiwa nafasi ipo bure.

alto_wa_tabata

Shikamoo mzee, na hilo la treni ndo mama yangu limemtuliza kuliko yote nimemsomea hapa. Basi nimekata ya Ijumaa asubuhi kwenda, ya kurudi nachukua Jumapili mchana. Swali la mwisho kabisa, kuchaji simu? Na je kurekodi kwaya zikiimba Jumamosi inaruhusiwa, maana mwalimu wetu kaniomba nimletee baadhi ya nyimbo tujifunze.

besi_moja

Chaji huwa ni meza moja karibu na jenereta yenye nyaya kama nywele zisizochanwa, na simu yako ikikaa pale unakaa nayo. Beba pawabenki ijae, zima data, itakufikisha Jumapili. Kurekodi watu wanarekodi, ila muulize mwalimu wa kwaya husika kwanza, wengine nyimbo hazijatoka bado na hawataki ziwe mtandaoni kabla ya uzinduzi. Ukimwambia ni kwa ajili ya kujifunza mara nyingi anakupa na karatasi ya sol-fa kabisa, na hiyo ni bora kuliko video yenye mtoto analia katikati.

mpiga_solfa

Mimi nitakuwepo upande wa teno. Ukifika Ijumaa kabla ya saa nane uliza hema la mafunzo, waambie wewe ni sauti ya pili, hawatakuuliza dhehebu. Na beba penseli, mabadiliko ya wimbo yanaandikwa pale pale na kila mwaka watu wanaazimana penseli moja.

teno_kavu

Na Jumapili ukibaki na sauti njoo utuambie nani alishinda, besi au wapishi.